Kazi Inayolisha Nyumba na Moyo: Mwongozo wa Kuitafuta Hatua kwa Hatua

Watu wengi wanaotafuta kazi ya kuridhisha huanza kwa kutafuta jina: mwalimu, mwanasheria, mpiga picha, mtengenezaji wa programu za kompyuta. Jina likipatikana, hudhani kazi imepatikana. Lakini hakuna anayeishi ndani ya jina la kazi. Unaishi ndani ya saa zake: unachokifanya Jumanne saa nne asubuhi, unayezungumza naye, kinachokukalisha hadi jioni, na kinachobaki mfukoni mwezi unapoisha. Mwanasheria mmoja hushinda chumbani akisoma mikataba peke yake, mwenzake hushinda mahakamani katikati ya watu. Cheo ni kimoja, maisha ni mawili.

Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinapima kazi kwa saa zake. Hatuanzi na swali la "unapenda nini?" Ni swali zuri, ila likitangulia hupotosha, maana hakuna awezaye kujua kama anapenda jambo ambalo hajalifanya hata wiki nzima mfululizo. Mwaka 2018 Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha utafiti kuhusu watu wanaoamini kwamba hamu ya jambo imejificha mahali, inasubiri kugunduliwa. Watu hao walipokutana na ugumu, hamu yao ilipoa upesi kuliko ya wale wanaoamini kwamba hamu hukuzwa. Mapenzi ya kazi mara nyingi huja baada ya kuimudu.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya fedha

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Anayedaiwa kodi ya nyumba hana nafasi ya kuuliza kama kazi inamfaa. Atachukua inayokuja kwanza. Ndiyo maana fedha inatangulia, hata kwa mtu anayesema hajali fedha. Huyo hasa ndiye anayehitaji hesabu hii kuliko wote.

Andika matumizi yako ya miezi mitatu iliyopita, kwa risiti na kumbukumbu za simu au benki, si kwa kukisia. Kisha tafuta yale yanayokuja mara moja au mbili kwa mwaka: ada, bima, matibabu, matengenezo, safari za dharura. Yajumlishe, ugawanye kwa 12, uongeze kwenye matumizi ya mwezi. Ingiza na fedha unazowapa wanaokutegemea. Wengi huziacha nje ya hesabu kwa kuziita msaada, halafu hushangaa mshahara unaishia wapi.

Utapata namba mbili. Ya kwanza ni sakafu: kiasi ambacho kikipungua, kuna mtu nyumbani atakosa chakula, dawa, shule au makazi. Ya pili ni kiasi cha utulivu: sakafu, pamoja na akiba na kupunguza madeni. Kazi yoyote iliyo chini ya sakafu haiingii kwenye orodha yako kama kazi kuu, hata iwe nzuri namna gani. Inaweza kuingia kama kazi ya pembeni, na tutafika huko.

Sasa tafuta mapato halisi kwa saa, hesabu ambayo watu wengi hawajawahi kuifanya. Chukua mshahara unaoingia mkononi, toa gharama zinazosababishwa na kazi yenyewe (nauli, chakula cha nje, mavazi), kisha gawanya kwa saa zote ambazo kazi inakuchukulia, pamoja na za njiani. Tuseme kazi ya kwanza inalipa 900 kwa mwezi kwa saa 160, lakini nauli na chakula vinakula 120, na njiani unatumia saa tatu kwa siku, siku 22. Umebaki na 780 kwa saa 226, yaani takriban 3.45 kwa saa. Kazi ya pili inalipa 750 kwa saa zilezile 160, gharama zake ni 30, na njiani ni nusu saa kwa siku. Hapo umebaki na 720 kwa saa 171, yaani takriban 4.21. Kazi yenye mshahara mdogo inakulipa zaidi kwa kila saa ya maisha yako, na inakurudishia saa 55 kwa mwezi. Hizo ni saa za kulala, kulea, kusoma, au kujenga kazi nyingine.

Tahadhari moja: kama 720 iko chini ya sakafu yako, hesabu ya saa haiokoi kitu. Sakafu ndiyo inayoamua kwanza.

Hatua ya pili: andika saa zako kwa wiki mbili

Kama mwongozo huu wote ungekuwa na hatua moja tu, ningeibakiza hii. Chukua daftari dogo. Kwa wiki mbili, kila unapomaliza jambo, andika ulifanya nini, kwa muda gani, na nguvu zako zilikuwa ngapi mwanzoni na mwishoni kwa kipimo cha 1 hadi 5. Usisubiri jioni, kwa sababu jioni uchovu hupaka siku nzima rangi moja.

Tuchukue mhasibu anayesema ameichoka fani yake na anataka kuiacha kabisa. Siku yake moja inaweza kuonekana hivi:

Saa 2:30 hadi 4:00. Kulinganisha hati za malipo na taarifa ya benki. Nilianza 3, nikamaliza 3.
Saa 4:00 hadi 6:30. Kufuatilia saini za wakuu wa idara. Nilianza 3, nikamaliza 1.
Saa 8:00 hadi 9:00. Kumweleza msimamizi wa bohari kwa nini hesabu zake hazilingani. Nilianza 2, nikamaliza 5.
Saa 9:00 hadi 10:30. Ripoti ya mwezi. Nilianza 4, nikamaliza 3.

Soma tena mistari hiyo. Uhasibu haukumchosha. Kilichomchosha ni kukimbizana na watu kwa ajili ya saini, na kilichomwinua ni kumfumbua macho mtu aliyepotea kwenye hesabu zake. Angeacha fani na kuanza nyingine kutoka sifuri, angeweza kukutana na saini zilezile kwa jina jipya. Kumbe anachohitaji ni saa nyingi zaidi zinazofanana na ile ya saa nane: kufundisha wafanyabiashara wadogo utunzaji wa hesabu, kusimamia mafunzo kazini, au kushauri taasisi ndogo zisizo na mhasibu wa kudumu.

Tenganisha pia aina mbili za uchovu. Upo uchovu wa mtu aliyefanya jambo gumu likaisha. Huyo akilala anaamka mzima. Na upo uchovu wa mtu ambaye hata hajui alichofanya. Huyo akilala anaamka amechoka vilevile. Weka alama ya nyota kwenye saa za aina ya kwanza. Kama huna kazi kwa sasa, andika hivyohivyo saa za shughuli za nyumbani, vibarua, kujitolea na masomo. Daftari halijali kama unalipwa.

Mwisho wa wiki mbili, kusanya saa zilizokuinua na zilizokushusha. Usiandike majina ya kazi. Andika vitenzi: kueleza, kupanga, kutengeneza, kutunza, kuchunguza, kushawishi, kupatanisha.

Hatua ya tatu: tambua kinachokosekana

Edward Deci na Richard Ryan wametumia miongo mingi kuchunguza kinachomfanya mtu afanye jambo kwa hiari yake. Nadharia yao inataja mahitaji matatu: kuwa na kauli juu ya unachofanya, kujiona unaweza na unazidi kuwa hodari, na kuunganika na watu. Rudi kwenye zile saa zilizokushusha ujiulize ni hitaji gani lilikufa hapo.

Swali hili ni muhimu kwa sababu dawa hazifanani. Aliyekosa kauli anahitaji bosi mwingine au mpangilio mwingine wa kazi, na huenda fani ileile ikamfaa akijiajiri. Aliyekosa umahiri anahitaji mafunzo au kazi yenye changamoto zaidi. Kubadilisha mwajiri peke yake hakumsaidii. Aliyekosa watu anaweza kuwa na kila kitu sawasawa ila ameketi peke yake siku nzima. Nimeona watu wakiacha kazi nzuri kwa sababu ya upweke, wakaenda kujiajiri, wakawa wapweke maradufu.

Hatua ya nne: itengeneze kazi uliyo nayo

Mwaka 2001 Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika kuhusu namna wafanyakazi wanavyoifinyanga kazi yao bila kubadilisha cheo. Mfano wao mmoja ulikuwa wafanya usafi wa hospitali. Wenye kazi ileile waliielezea kwa namna mbili. Wengine walisema wanafanya usafi tu. Wengine walijihesabu kuwa sehemu ya uponyaji wa wagonjwa, wakawa wanazungumza na wagonjwa na wageni wao na kupanga shughuli zao ili zisiwakwaze wauguzi.

Unaweza kufinyanga kwa njia tatu. Ya kwanza ni majukumu: omba kuongezewa zile saa zenye nyota, na ujitolee kubadilishana na mwenzako lile linalokushusha. Mara nyingi yupo mtu ofisini anayependa hasa unachokichukia. Ya pili ni watu: sogea karibu na wanaofaidika na kazi yako. Mwaka 2007 Adam Grant na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wapiga simu waliokuwa wakichangisha fedha za chuo kikuu. Waliokutana kwa muda mfupi na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha hizo walionekana, mwezi mmoja baadaye, wakichangisha zaidi ya mara mbili ya walivyokuwa wakichangisha. Ya tatu ni mtazamo: kujua mnyororo mzima unaoanzia mezani kwako na mahali unapoishia.

Nenda kwa msimamizi wako ukiwa na pendekezo moja dogo lenye muda maalumu: "Kwa mwezi mmoja naomba nichukue mafunzo ya wapya, na ripoti za kila wiki azishike mwenzangu, tumeshazungumza. Mwezi ukiisha tutazame." Ombi la namna hiyo ni rahisi kukubaliwa kuliko malalamiko ya jumla.

Lakini niseme wazi: kufinyanga hakutibu unyanyasaji, mshahara usiolipwa, wala kazi inayoharibu afya yako. Anayekuambia ubadilishe mtazamo wakati mwajiri hajakulipa miezi miwili anakudanganya. Hapo ruka hatua hii, tafuta mlango wa kutokea.

Hatua ya tano: tafuta anayelipa

Chukua vitenzi vyako ujiulize ni nani ana tatizo ambalo vitenzi hivyo vinalitatua, na ana fedha ya kulitatua. Hapa ndipo ndoto nyingi hukwama. Watu hufikiria wanachotaka kutoa, hawafikirii nani anakihitaji kiasi cha kukilipia. Kwa kila wazo andika mistari mitatu: analipa nani, analipa kwa ajili gani, analipa mara ngapi. Anayelipa kila mwezi ni bora kuliko anayelipa vizuri mara moja. Anayelipa ili tatizo limwondokee ni wa uhakika kuliko anayelipa kwa kupenda tu.

Kisha kuwa mwangalifu na burudani yako. Mwaka 1971 Deci alichapisha majaribio ambamo wanafunzi walipewa mafumbo ya kuunganisha vipande. Waliolipwa kwa kila fumbo, malipo yalipokoma, waliyagusa mafumbo hayo kwa hiari yao kwa muda mfupi kuliko wenzao wasiolipwa. Si kila unachokipenda kinapaswa kuuzwa. Jiulize kama utaweza kukifanya kwa matakwa ya mteja, kwa tarehe ya mteja, mara hamsini. Jibu likiwa hapana, kiache kiwe pumziko lako, na ukilinde.

Hapa pia uamue ni mpangilio gani unaoutafuta. Upo wa kazi moja inayotoa vyote viwili. Upo wa kazi mbili, moja ya kipato na nyingine ya roho. Watu hudharau huu wa pili kana kwamba ni kushindwa, nami sikubaliani nao hata kidogo. Shaaban Robert aliingia kazini akiwa karani wa forodha mwaka 1926, akaendelea kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa miongo kadhaa, huku akiandika mashairi na nathari tunazozisoma mpaka leo. Kazi ya kipato inayofaa mpangilio huu ina masharti mawili: inavuka kiasi cha utulivu, na ikiisha saa ya kutoka, inaisha kweli.

Hatua ya sita: zungumza na walio ndani

Usiombe ajira kwanza. Omba kuelezwa. Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi huja zaidi kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali kuliko marafiki wa karibu, kwa sababu rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua. Jaribio lililohusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kuunganisha watu kikazi, lililochapishwa mwaka 2022, lilithibitisha nguvu ya watu hao wa mbali kiasi, wasio wageni kabisa. Kwa hiyo mtafute mliyesoma naye zamani, mliyefanya naye mradi mmoja, au jirani wa ndugu yako.

Ujumbe uwe mfupi: "Habari za kazi. Nimeelezwa kwamba unasimamia mafunzo ya wafanyakazi wapya. Nafikiria kuingia kwenye kazi hiyo na ningependa kuelewa siku yako inavyokwenda. Naomba dakika ishirini za simu, wiki hii au ijayo, kwa muda utakaokufaa. Siombi ajira."

Akikubali, muulize: jana ulifanya nini, saa kwa saa? Sehemu gani ya kazi hii watu wa nje hawaioni? Waliotoka, walitoka kwa nini? Malipo huja kwa wakati? Kuhusu kiasi, usimuulize yeye anapata ngapi. Muulize anayeanza hupata kati ya ngapi na ngapi, na baada ya miaka mitano je. Zungumza na watu wasiopungua watano kwa kila kazi unayoifikiria, mmoja wao awe ameiacha. Huyo atakuambia ambayo wengine wanayanyamazia.

Hatua ya saba: jaribu kabla ya kuhama

Usiache kazi ili ujaribu. Jaribu, kisha uache. Joseph Raffiee na Jie Feng, katika utafiti wa mwaka 2014 uliofanywa Marekani, waligundua kwamba walioanzisha biashara huku wakiendelea na ajira walikuwa na hatari ya kushindwa iliyo pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko walioacha ajira moja kwa moja.

Jaribio liwe dogo na la kweli: wateja wawili wa mwisho wa wiki, kibarua cha mwezi mmoja, kujitolea kwa likizo nzima, kozi fupi inayodai kazi ya mikono. Kabla hujaanza, andika utajaribu kwa muda gani, hutavuka kiasi gani cha fedha, na nini kikitokea utaendelea au utaacha. Andika mapema, kwa sababu katikati ya jaribio matumaini na aibu huamua badala yako. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni mtu usiyemjua kukulipa bei kamili, kisha akarudi. Sifa za ndugu na marafiki hazihesabiki, hata zitoke moyoni. Na lile daftari la saa litumie humuhumu, kwa sababu unataka kujua kama kazi mpya inakuinua kweli au ni upya wake tu.

Hatua ya nane: kuhama

Weka akiba inayobeba sakafu kwa miezi sita. Kama una wanaokutegemea wengi au unakwenda kujiajiri, ongeza. Lipa kwanza madeni yenye riba kubwa. Soma mkataba wako wa sasa: muda wa notisi, mafao, vifungu vinavyozuia kufanya kazi na washindani. Ondoka vizuri, maana mwajiri wa zamani mara nyingi ndiye mteja wa kwanza. Waeleze wa nyumbani kwa namba, si kwa ndoto tu. Mwenzi anayeona hesabu huogopa kidogo kuliko anayesikia maneno.

Kwenye kujadili malipo, kuna mtego wa watu wanaopenda kazi yao. Jae Yun Kim na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2020 ulioonyesha kwamba watu huona ni halali zaidi kumpa mfanyakazi mwenye mapenzi na kazi saa za ziada bila malipo au majukumu yasiyomhusu, kwa dhana kwamba angeyafanya hata hivyo. Kwa hiyo usianze mazungumzo ya mshahara kwa kueleza jinsi unavyoitamani nafasi hiyo. Eleza kazi utakayoifanya na matokeo yake, taja kiasi kilicho juu kidogo ya kiasi chako cha utulivu, halafu nyamaza umsikilize. Wakikwambia fedha hakuna, omba vitu vyenye thamani ya saa: siku za kufanyia kazi nyumbani, mafunzo yanayolipiwa, tarehe iliyoandikwa ya kupitia mshahara upya. Kama unajiajiri, weka kiwango cha kazi za bure au za nusu bei kwa mwaka, na kikifika, funga.

Baada ya hapo, chagua mwezi mmoja katika mwaka uwe wa kurudia daftari la wiki mbili na hesabu ya mapato halisi kwa saa. Sakafu hupanda watoto wanapokua na wazazi wanapozeeka, na saa zenye nyota hubanwa taratibu na vikao na ripoti bila mtu kukuuliza. Ukiona zimepungua chini ya robo ya wiki yako, rudi hatua ya nne, upeleke pendekezo lako la mwezi mmoja kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.